Msafara wa baiskeli Dar es Salaam hadi Morogoro kwa ajili ya saratani: mwongozo kamili wa maandalizi

Waandaaji wengi huanza na fulana, kisha mgeni rasmi, kisha njia, na siku tatu kabla ya kuondoka ndipo wanamkumbuka muuguzi. Geuza mpangilio huo. Baiskeli thelathini zikipita Mlandizi huvuta watu barabarani kwa dakika kumi tu. Mama aliyetoka dukani kuziangalia anapaswa kujua siku hiyohiyo aende wapi kupima shingo ya kizazi, na nani atamfuatilia endapo majibu hayatakuwa mazuri. Msafara usioweza kumjibu hilo ni mazoezi ya viungo yenye bango.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku mbili: Dar es Salaam hadi Chalinze siku ya kwanza, takriban kilomita 110, na Chalinze hadi Morogoro siku ya pili, takriban kilomita 85. Hesabu zimepigwa kwa waendeshaji 30. Mkiwa wengi zaidi, zidisheni vitu vyote isipokuwa idadi ya waendeshaji katika kila kundi.

Miezi mitano kabla: tarehe na kituo cha afya

Oktoba ndio mwezi wa saratani ya matiti na 4 Februari ni Siku ya Saratani Duniani, kwa hiyo kila mtu hukimbilia huko. Kwa baiskeli, tarehe zote mbili ni ngumu: Februari jua la Pwani ni kali mno, na kuanzia Oktoba mvua za vuli zinaweza kukukuta njiani. Chagua kati ya Juni na Septemba. Barabara ni kavu, asubuhi kuna ubaridi, na upepo wa kusi unatoka kusini mashariki, yaani unakusukuma mgongoni au ubavuni unapoelekea Chalinze. Kwa watu wasio wanamichezo, hilo peke yake laweza kuwa tofauti kati ya kufika na kupandishwa gari.

Kabla ya kutangaza tarehe, nenda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Pwani na wa Morogoro, kisha kwa waganga wakuu wa halmashauri mtakazosimama. Ombeni vitu vitatu kwa maandishi: wauguzi waliofunzwa uchunguzi wa shingo ya kizazi, chumba chenye faragha, na utaratibu wa rufaa. Sehemu za kufaa katika njia hii ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi pale Kibaha, kituo cha afya Mlandizi, Chalinze, na hospitali ya mkoa Morogoro. Msijaribu kupima shingo ya kizazi kwenye hema kando ya barabara kuu. Kunahitajika kitanda, taa nzuri, spekulamu (vifaa vya kupanulia uke) zilizotakaswa na mlango unaofungwa. Hema litumike kwa elimu na uandikishaji, na upimaji ufanyike ndani ya kituo.

Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi hupaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye shingo ya kizazi, husubiri angalau dakika moja, kisha huangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Majibu hupatikana hapohapo. Ukikadiria dakika 15 kwa kila mteja pamoja na maelezo, muuguzi mmoja atahudumia watu 24 kwa saa sita. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Tangazo hutolewa kwa kipaza sauti mji mzima, wanakuja akina mama mia mbili, wauguzi ni wawili, na mia na hamsini wanarudi nyumbani wakiwa wameapa kutorudi tena. Toa namba kwa idadi mnayoimudu. Waliozidi wapewe kadi yenye siku nyingine ya kliniki kabla hawajaondoka.

Tangazo liseme wazi nani anapimwa. Kipaumbele ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi. Aliye kwenye hedhi asubiri iishe. Kwa bibi aliyekoma hedhi muda mrefu kipimo hiki hakitoshi, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana huwa limerudi ndani, hivyo aelekezwe hospitali kwa kipimo kingine. Mabadiliko ya awali, ambayo bado hayajawa saratani, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto, ikiwa kituo kina mashine. Muulize mganga mapema kama mashine ipo na inafanya kazi. Kama haipo, rufaa iandikwe ikiwa na jina la hospitali, siku, na namba ya simu ya mtu anayepokea.

Fedha: gharama na michango visichanganywe

Amua kabla ya kuomba senti ya mtu kwamba kuna mifuko miwili. Wa kwanza ni gharama za msafara: mafuta, maji, fulana, chakula, malazi Chalinze. Huo ujazwe na wafadhili pamoja na ada ya ushiriki. Wa pili ni michango ya wananchi kwa wagonjwa, na humo hakitoki hata chupa ya maji. Mchangiaji akiuliza, mweleze hivyohivyo.

Msichague wenyewe mtakachonunua. Nendeni Taasisi ya Saratani Ocean Road, au hospitali nyingine mtakayoichangia, muulize kinachokwamisha. Mara nyingi jibu si mashine. Tiba ya mionzi hutolewa kwa vipimo vidogo vidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa saratani ya shingo ya kizazi huweza kuchukua wiki tano au zaidi. Mama aliyetoka Kilosa hawezi kwenda na kurudi kila siku. Nauli, malazi na chakula cha wiki hizo ndivyo vinavyomfanya akatishe tiba. Mfuko wa nauli unaosimamiwa na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hauna mvuto kwenye picha kama kitanda kipya, lakini unamfanya mgonjwa amalize dozi.

Fedha zikiingia kwenye taasisi ya umma, zilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo iliyotolewa na taasisi yenyewe, si kwenye simu ya mtu. Michango inayokusanywa kabla ya hapo iwekwe kwenye akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa, na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Jina likitokea la mtu binafsi mchangiaji anapobonyeza, nusu ya watu wataishia hapo, na wana haki.

Ahadi kwa kilomita hufanya kazi vizuri. Mtu akiahidi shilingi 500 kwa kilomita, kwa kilomita 195 ni shilingi 97,500. Mwandikie hesabu hiyo nzima siku ya kuahidi, na umwombe alipe walau nusu kabla ya safari. Ahadi zinazosubiri msafara uishe hupoa.

Vibali na njia

Andikeni barua kwa Jeshi la Polisi miezi miwili kabla: Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, Pwani na Morogoro, kila moja na barua yake, nakala kwa wakuu wa usalama barabarani wa mikoa hiyo. Semeni wazi kwamba si mashindano, tajeni idadi ya waendeshaji, magari ya msafara na namba zake, muda wa kupita kila mji na mahali pa kusimama. Chama cha Mchezo wa Baiskeli Tanzania (CHABATA) kipewe taarifa pia. Humo kuna watu waliozoea kusindikiza misafara barabarani. Wakuu wa wilaya wanapaswa kujua kwa sababu mtakusanya watu.

Kosa la kawaida ni kusahau mipaka. Askari wa Dar hakuvushi hadi Chalinze. Pata jina na simu ya atakayekupokea ukiingia Pwani, na wa Morogoro vilevile, kisha mpigie jioni ya kuamkia safari.

Anzieni mbele ya Ocean Road saa 11 alfajiri, siku ya Jumamosi. Jengo la zamani la hospitali hiyo ni la wakati wa Wajerumani, na taasisi yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Pitieni Fire, Jangwani, Magomeni hadi Ubungo, mkitumia njia za magari ya kawaida. Njia ya mwendokasi msiiguse hata ikiwa tupu. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ni pana na ina mapandamashuka. Sehemu ya kuangalia sana ni Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli, kwa sababu mtaifikia wakati mabasi ya mikoani yanatoka kwa wingi. Hapo kundi zima lipite kwa pamoja nyuma ya gari la polisi, bila mtu kusimama kupiga picha.

Baada ya Kibaha barabara ni nyembamba zaidi na malori ni mengi. Mlandizi, daraja la Ruvu, mizani ya Vigwaza, kisha Chalinze. Kwa mwendo wa kilomita 18 hadi 20 kwa saa, kilomita 110 ni takriban saa sita za kukanyaga. Ongeza saa mbili za kusimama, mtafika saa 7 mchana. Siku ya pili ondokeni saa 12 asubuhi kukipambazuka, mpite Ubena Zomozi, Bwawani na Mikese, muingie Msamvu, Morogoro mjini, kabla ya saa 6 mchana. Morogoro iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na miguu itaanza kuhisi mwinuko huo mkikaribia mji.

Baiskeli

Si lazima iwe ya mashindano. Baiskeli ya mtumba yenye gia, iliyofanyiwa matengenezo, inafika Morogoro bila tabu. Phoenix pia inafika kwa mtu aliyeizoea, ila iwe na breki zinazoshika na frii-wili isiyoruka meno. Baiskeli yoyote isiyokuwa na breki mbili haitoki, hata ya mgeni rasmi.

Ipeleke kwa fundi wiki tatu kabla, si siku moja kabla, kwa sababu vipuri vipya hulegea baada ya kilomita chache na vinahitaji kukazwa tena. Mwambie aangalie gololi za vitovu na za usukani, anyooshe rimu, abadilishe nyaya za breki zilizochanika, na apime mnyororo. Mnyororo uliovutika ukifungwa kwenye meno mapya utayala. Meno yaliyochongoka yakifungiwa mnyororo mpya yataruka. Vibadilishwe kwa pamoja.

Tairi ndilo litakalowasumbua. Kando ya barabara hii kumejaa nyaya nyembamba za chuma zilizotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Ni nyembamba kama unywele, huingia kwenye mpira na kubaki humo. Mtu akibadilisha tyubu bila kuutoa waya, tyubu mpya nayo inapasuka baada ya dakika tano, na hapo ndipo wengi hulaumu tyubu. Pitisha kitambaa laini ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitakaponasa ndipo pana waya, na uutoe kwa koleo ndogo. Linganisha pia tundu la tyubu na tairi kabla ya kuvua kila kitu, ujue waya uko upande gani.

Upepo: tairi la milimita 28 lijazwe kati ya 75 na 85 psi, la milimita 32 kati ya 60 na 70, la mauntenibaiki kati ya 40 na 50. Usizidishe namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, hasa likiachwa juani. Angalia pia aina ya valvu. Ile nyembamba yenye kichwa cha kufungua haijazwi na pampu nyingi za njiani bila kiunganishi. Kiunganishi ni kidogo kama kifungo cha shati, kwa hiyo kifunge kabisa kwenye mfuko wa vifaa.

Kila mwendeshaji abebe tyubu moja ya saizi yake, viraka na gundi, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, taa ya mbele na nyekundu ya nyuma. Gari la vifaa libebe tyubu kumi zaidi zilizogawanywa kwa saizi za baiskeli zilizosajiliwa (inchi 26, 28 na 700c hazibadilishani), spoki za urefu tofauti, viungo vya mnyororo vya upana mbalimbali, raba za breki, nyaya, spana za umbo la L, na pampu kubwa ya kusimama.

Urefu wa kiti upimwe hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini, goti huuma mbele. Kikiwa juu mno, huuma nyuma na makalio huchubuka kwa kuyumba. Anayevaa baibui au sketi pana avae suruali ndani na aifunge nguo mbali na mnyororo kwa mpira. Helmeti ni lazima kwa kila mtu, mita zote 195,000.

Mazoezi ya wiki kumi na mbili

Siku tatu kwa wiki zinatosha: mbili fupi za saa moja, na moja ndefu ya mwisho wa wiki. Ndefu ianze na kilomita 30, iongezeke taratibu, na kila wiki ya nne ipungue ili mwili upumzike. Barabara za Masaki na Coco zinafaa alfajiri kwa fupi. Kwa ndefu, nendeni Kigamboni kupitia Daraja la Nyerere kuelekea Kimbiji, au Bagamoyo, ambako kwenda tu ni takriban kilomita 65. Milima ya Pugu hadi Kisarawe hufundisha gia. Wiki mbili kabla ya safari kila mtu awe amemaliza kilomita 100 kwa siku moja, kwa kundi, na kwa baiskeli ileile atakayosafiri nayo. Asiyemaliza apangiwe kipande cha njia, mathalani Mlandizi hadi Chalinze, na apokewe kwa heshima sawa na wengine.

Aliyepona saratani au aliye kwenye matibabu anakaribishwa kwa ruhusa ya daktari wake. Jambo moja kwa wanaume: anayetaka kupima damu kwa ajili ya tezi dume apime kabla ya safari, au asubiri angalau siku mbili baada ya kushuka. Kukaa muda mrefu kwenye kiti cha baiskeli kunaweza kupandisha kipimo hicho kwa muda na kumtia hofu bure.

Barabarani

Gawanyeni watu 30 katika makundi matatu ya kumi, kila kundi na kiongozi wa mbele na wa nyuma wanaojua kuziba pancha. Kati ya kundi na kundi pawe na mita 200, ili basi linalopita lipate mahali pa kurudi upande wake. Msururu mmoja mrefu wa watu thelathini humlazimisha dereva wa lori kukaa upande wa pili muda mrefu, na gari likitokea mbele yake atarudi juu yenu. Nendeni mmoja nyuma ya mwingine. Filimbi moja ndefu ni kusimama, mbili fupi ni gari kubwa linapita.

Basi likipita kwa kasi, kwanza upepo wake unakusukuma nje, kisha unakuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono yote miwili, viwiko vilegee, usigeuke kuangalia. Ukitoka nje ya lami na ukingo ni mrefu, usijaribu kurudi kwa mshazari kwani gurudumu litasugua ukingo na kukuangusha barabarani. Simama, nyanyua baiskeli, panda tena. Matuta ya vijijini yasemwe kwa sauti kutoka mbele hadi nyuma. Bodaboda wanaokuja kinyume pembeni mwa barabara wapisheni.

Magari ni matano: la polisi mbele, la wagonjwa, la vifaa, Canter ya kubebea baiskeli na watu waliochoka, na la mwisho lenye taa za tahadhari ambalo halimpiti mtu yeyote.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa kwa kila mtu. Kwa watu 30 na saa nane, ni hadi lita 180 kwa siku ya kwanza. Beba madumu 12 ya lita 20, zinazobaki ni za kujimwagia. Maji matupu pekee kwa wingi ni hatari, yanapunguza chumvi mwilini na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Kila baada ya saa mbili mtu anywe chupa moja yenye chumvichumvi za dukani, au mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa. Chakula kianze kuliwa saa ya kwanza, kabla ya njaa: ndizi mbivu, tende, viazi vitamu vya kuchemsha, kashata. Ndizi moja ya wastani na tende tatu kwa saa zinatosha wengi. Nyama choma ingoje Chalinze.

Anayeongea ovyo, anayepepesuka, mwili ukiwa moto, amezidiwa na joto. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu wakati gari la wagonjwa linakuja. Usimnyweshe kama hajitambui vizuri.

Mnapofika kituoni

Timu ya elimu na uandikishaji itangulie kwa gari, ianze saa 2 asubuhi, ili baiskeli zinapoingia kazi iwe inaendelea. Hotuba zote zisizidi dakika 15. Mpeni kipaza sauti aliyepona, si mgeni rasmi peke yake. Hakuna anayesikilizwa kama mama anayesema kwa sauti yake kwamba alikatwa titi miaka kadhaa iliyopita na yupo hapa.

Ujumbe uwe mchache na wa kushikika: kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, uvimbe kwenye titi, ngozi yake kuwa kama ganda la chungwa, au chuchu kutoa damu, chakula kukwama kooni, mkojo kutoka kwa shida kwa wanaume, kidonda kisichopona. Kwa watoto, mboni ya jicho inayong'aa nyeupe na taya linalovimba haraka. Mwenye dalili hizo hasubiri msafara wa mwakani, anakwenda hospitali wiki hii.

Maswali magumu yataulizwa, yajibiwe kwa upole. Saratani haiambukizwi kwa kula au kulala pamoja na mgonjwa. Kisu hakisambazi saratani. Wengi waliofariki baada ya upasuaji walifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Chanjo ya HPV (kirusi kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi) haiharibu kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi mwenye binti wa umri huo aondoke akijua aende kituo gani.

Msipige picha foleni ya upimaji. Picha moja ya mama amesimama pale, ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, inatosha kuwafungia mlango jirani zake wote.

Baada ya Morogoro

Baiskeli zirudi na Canter, watu na basi. Ndani ya siku 14 toeni taarifa: kilichoingia, kilichotumika, risiti ya malipo ya hospitali, na idadi ya waliopimwa na waliopewa rufaa kwa kila kituo. Majina yao yabaki kwa muuguzi.

Mtu mmoja wa kamati abaki na kazi baada ya wengine kurudi kwenye shughuli zao. Kila Ijumaa kwa miezi mitatu awapigie simu waratibu wa afya ya uzazi wa halmashauri mlizopita, aulize ni wangapi kati ya waliopewa rufaa wameshafika hospitali na ni wangapi bado. Kwa wale bado, aulize kinachowazuia. Jibu likiwa nauli, mfuko wa pili upo kwa ajili hiyo.